Maeneo halisi ya filamu za anime Japani: mama na mwana waende wapi kwa siku kumi?

Swali: "Mimi ni mama wa Mombasa. Nina mwanangu wa kiume, miaka 15, na filamu za anime, zile za kuchorwa za Kijapani, ndizo zinazotukalisha pamoja sebuleni. Novemba, inshallah, tunakwenda Japani siku kumi. Ameniletea orodha ya maeneo arobaini aliyoyakusanya mtandaoni, akidai ndiyo yaliyochorwa kwenye filamu. Je, maeneo hayo yapo kweli? Na kwa kuwa pesa ni za kubana, na sisi ni Waislamu, tuende yapi na tuache yapi?"

Dada yangu, mengi yapo kweli, na utayafikia kwa treni ya kawaida na miguu yako. Ila hayakuingia kwenye filamu kwa njia moja, na hapo ndipo orodha za mtandaoni zinapopotosha watu. Zinaweka ngazi zilizochorwa hatua kwa hatua sambamba na mji ambao mwongozaji hakuukusudia kabisa, na vyote viwili vinapewa alama ileile kwenye ramani. Mwambie mwanao aipitie orodha yake upya, na kila jina alijibie swali moja: filamu ilipafanya nini mahali hapa? Ilipanakili, ilipachanganya na pengine, au ilipahifadhi kwa sababu palikuwa pakitoweka? Arobaini yatapungua haraka sana.

Wa kunakili ni mwongozaji Makoto Shinkai. Alizaliwa mwaka 1973 huko Koumi, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Nagano, na Tokyo aliikuta ukubwani. Nadhani ndiyo maana anaichora kama mtu ambaye bado anaishangaa. Yeye na wachoraji wake hupiga picha mahali penyewe, kisha huchora kwa kuzifuata, na wanachobadilisha zaidi ni mwanga, mawingu na maji. Kwa hiyo kwenye filamu zake kibao cha barabarani ulichokiona kwenye skrini utakikuta pale pale, na nyaya za umeme zikipita juu yake vilevile. Mwongozaji mwenzake, Hayao Miyazaki, ni mtu mwingine kabisa. Yeye hutazama, hukaa na alichokiona, halafu huchanganya jengo la huku na paa la kule mpaka pakazaliwa mahali pasipo na anwani. Ukienda kutafuta "mji wenyewe" wa Spirited Away, filamu ya mwaka 2001, hutaupata, na hakuna aliyekuficha.

Basi nianze na Tokyo, ambako ningewashauri mkae siku sita.

Siku ya kwanza mpeni Shinkai, na muianze mapema. Shukeni stesheni ya Yotsuya-sanchome, mtembee kama dakika kumi kwa vichochoro hadi hekalu la Kishinto liitwalo Suga. Ngazi zilizo kando yake, zenye vyuma vyekundu vya kushikilia, ndizo za mwisho wa Your Name, filamu ya mwaka 2016. Si lazima mwingie hekaluni; ngazi zenyewe ni njia ya umma inayopita katikati ya nyumba za watu. Mtoto ataziona ni fupi kuliko anavyozikumbuka. Mwache ashangae, kisha muulize filamu imefanyaje mpaka zikaonekana ndefu: kamera imekaa wapi, anga limepewa nafasi kiasi gani, wale wahusika wawili wanakaa kimya kwa muda gani kabla hawajapishana. Kijana akishaona hilo kwa macho yake, hatatazama filamu tena kwa namna aliyokuwa akitazama zamani, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida ya safari nzima.

Nendeni asubuhi kwa sababu mbili. Mchana watu hupanga foleni ya kupiga picha. Na wenye nyumba pale wanaishi na foleni hiyo mwaka mzima, hivyo ni uungwana kupunguza kelele, kutosimama mlangoni pa mtu, na kupisha bibi anayepanda na mboga zake.

Kutoka hapo tembeeni kuelekea stesheni ya Shinanomachi. Daraja la waenda kwa miguu lililo mbele yake limo pia katika Your Name, na ukisimama juu yake unaona mnara wa saa wa jengo la kampuni ya simu ya Docomo, ule mrefu wenye ngazi ngazi unaojitokeza katika filamu nyingi za Shinkai. Kutoka Shinanomachi ni kituo kimoja tu cha treni hadi Sendagaya, na Sendagaya ina lango la bustani ya Shinjuku Gyoen. Bustani hii ndiyo roho ya The Garden of Words ya mwaka 2013, ambamo mvulana wa rika linalokaribia la mwanao anatoroka masomo siku za mvua na kukaa kwenye kibanda cha mbao kando ya bwawa. Kibanda kipo, katika sehemu ya bustani iliyopangwa Kijapani. Kiingilio ni yeni 500 kwa mtu mzima, milango hufunguliwa saa tatu asubuhi, na Jumatatu hufungwa isipokuwa misimu michache. Tarehe 1 hadi 15 Novemba huwa na maonyesho ya maua ya krisanthemamu, yaliyofunzwa kuota kwa maumbo ambayo hutayaona kwingine. Na ikinyesha siku hiyo, dada, msiahirishe. Nunueni miavuli ya plastiki dukani, mwende. Filamu ile imechorwa kwa ajili ya mvua: mawimbi madogo bwawani, majani yanayong'aa, sauti ya matone juu ya paa. Siku ya jua mtaiona bustani nzuri tu.

Sasa swala, maana umeuliza. Novemba Tokyo adhuhuri huingia kabla ya saa sita kamili mchana, na magharibi ni mapema mno kwa mtu wa pwani yetu: jua huzama kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na dakika arobaini na tano hivi. Usipolijua hilo utapanga siku vibaya, kwa swala na kwa picha pia. Kwa bahati njema, ratiba ya siku hii inawapitisha msikitini. Tokeni bustanini kwa lango la upande wa Shinjuku, mpande treni ya kampuni ya Odakyu hadi Yoyogi-Uehara, na dakika chache kwa miguu mtafika Tokyo Camii, msikiti mkubwa wa mtindo wa Kituruki uliofunguliwa mwaka 2000 mahali ulipokuwapo msikiti wa kwanza wa mwaka 1938, uliojengwa na wahamiaji wa Kitatari. Chini kuna duka la vyakula vya halali. Jazeni mkoba hapo.

Mkishaswali, rudini kwa njia ileile ya reli vituo viwili hadi Sangubashi. Karibu na stesheni hiyo kuna kivuko cha reli ambapo 5 Centimeters per Second, filamu ya Shinkai ya mwaka 2007, inafungulia na kufungia. Ni kivuko kidogo cha mtaani: kengele, kizuizi, treni mbili zinapishana, kizuizi kinainuka. Simameni pembeni, muache treni ipite mara kadhaa. Maua ya micheri ya kwenye filamu ni ya masika, Novemba hayapo, lakini mwendo wa kile kizuizi ndio uleule, na ndio uliobeba filamu yote.

Sehemu ya pili ya Tokyo ndiyo niipendayo kuliko zote, na ajabu ni kwamba kwenye orodha nyingi huwekwa chini kabisa. Ni Seiseki-Sakuragaoka, kitongoji cha mji wa Tama, kama nusu saa kutoka Shinjuku kwa treni ya haraka ya Keio. Hapa ndipo panapochorwa katika Whisper of the Heart ya mwaka 1995, iliyoandikwa na Miyazaki lakini ikaongozwa na Yoshifumi Kondo. Kondo alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 47, na hii ndiyo filamu ndefu pekee aliyoiongoza. Hakuna majitu wala majoka ndani yake. Ni msichana wa shule anayesoma sana, anayeanza kuandika, na mtaa anaopanda na kushuka kila siku. Kama mwanao anaandika au anachora, mtazame naye filamu hii usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mkishuka stesheni mtasikia mlio unaopigwa treni inapofika ni ule wimbo wa filamu. Vukeni kijito cha Okuri, kisha mtaanza kupanda Irohazaka, barabara ya magari inayojipinda kupanda kilima. Waenda kwa miguu wana ngazi zinazokata kona hizo moja kwa moja. Pandeni kwa ngazi, pole pole, na kila mkifika mahali pa wazi mgeuke nyuma. Mji unazidi kushuka chini yenu na anga kufunguka, na mtaelewa kwa nini msichana yule anaposimama juu hana la kusema. Kileleni kuna raundabauti ndogo yenye maduka machache pembezoni. Duka la vitu vya kale la kwenye filamu halipo, ni la kubuni. Lakini umbo la mahali ni lenyewe. Karibu yake kuna kahekalu kadogo ambako mvulana anafungua moyo wake na anakataliwa.

Kuna jambo ambalo ramani haziwezi kukwambia kuhusu kilima hiki. Katika filamu, yule msichana anatafsiri wimbo wa Kimarekani unaotamani njia za nyumbani shambani, na kwa kucheka anatunga toleo lingine: njia zao ni za zege, msitu umekatwa, bonde limefukiwa. Hakuwa akitunga uongo. Vilima vya Tama vilichongwa na kusawazishwa kujenga mji mpya wa makazi, Tama New Town, ambao wakazi wake wa kwanza walihamia mwaka 1971. Mwaka mmoja kabla ya Whisper of the Heart, studio hiyohiyo, Ghibli ya akina Miyazaki, ilitoa Pom Poko ya Isao Takahata, inayosimulia wanyama wa vilima hivyo wakipigana kuzuia matingatinga, wakashindwa. Filamu mbili, eneo moja la vilima: ya kwanza inaomboleza kilichokatwa, ya pili inawapenda watoto waliozaliwa kwenye zege lililobaki. Ukisimama pale juu ukijua hivyo, mandhari inakuwa na uzito. Watalii ni wachache, kiingilio hakuna, na nauli ni ndogo. Mpeni nusu siku nzima.

Nusu nyingine ya siku, au siku nyingine kabisa, ni ya jumba la makumbusho la majengo ya kale la Edo-Tokyo, lililo ndani ya bustani ya Koganei. Shukeni Musashi-Koganei kwa treni ya Chuo, kisha basi dakika chache. Kiingilio ni yeni 400, Jumatatu hufungwa, na Novemba milango hufungwa saa kumi na nusu. Lilifunguliwa mwaka 1993, na ndani yake yameletwa majengo ya kweli yapatayo thelathini yaliyokuwa karibu kubomolewa, yakajengwa upya humo. Ofisi za Ghibli ziko mji huohuo wa Koganei, na Miyazaki alikuwa akija kutembea hapa wakati akifikiria Spirited Away. Ingieni kwenye duka la vifaa vya kuandikia la Takei Sanshodo: ukuta mzima kutoka chini hadi dari ni vidroo vidogo vya mbao. Mwanao hatahitaji kuambiwa. Ndicho chumba cha mzee wa boila mwenye mikono sita, anayenyoosha mkono kuvuta droo moja ya dawa juu kabisa. Mwisho wa mtaa huohuo ipo nyumba ya kuogea ya Kodakara-yu ya mwaka 1929, paa lake zito limepinda kwa fahari, na ndani ukutani umechorwa mlima Fuji. Simameni katikati ya mtaa alasiri, maduka ya mbao kulia na kushoto na lile paa mbele yenu. Mtafahamu jinsi Miyazaki anavyochukua: paa kutoka hapa, droo kutoka pale, na kutoka Matsuyama, kwenye kisiwa cha Shikoku, jengo la chemchemi za maji moto la Dogo Onsen la mwaka 1894, ambalo nalo hutajwa kuwa limechangia.

Naona katika orodha ya mwanao kuna Jiufen, Taiwan. Ni mji mzuri wa mlimani wenye taa nyekundu, na wauza chai wake wanafurahi kuhusishwa na Spirited Away. Miyazaki mwenyewe, alipoulizwa na televisheni ya Taiwan, alikana kwamba aliuchora. Uondoeni. Hata ungekuwa wa kweli, tiketi ya ndege ya ziada kwa safari ya siku kumi haina maana.

Jengo la Yoyogi Kaikan, lile gofu lenye kihekalu cha paa katika Weathering with You, liondoeni pia: filamu ilitoka Julai 2019, na ubomoaji ukaanza Agosti mwaka huohuo. Shinkai alilichora likiwa linangoja nyundo. Kama mnaitaka filamu hiyo, nendeni Koenji, kwenye hekalu dogo la hali ya hewa, ambako watu huandika maombi yao ya jua kwenye vibao vyenye umbo la ndara za mbao. Kile kihekalu cha paani ni cha kubuni, hiki ni cha kweli.

Kuhusu kivuko cha reli cha Kamakura-Koko-mae, kilichoanza kupendwa kwa sababu ya tamthilia ya kuchorwa ya Slam Dunk, nitasema wazi: msiende kwa ajili ya picha. Ni barabara ya magari, na umati umekuwa mkubwa kiasi kwamba mji umelazimika kuweka walinzi na mabango kuwaomba wageni wasisimame njiani. Bahari ya pale ni nzuri. Mkitaka, ipiteni mkiwa ndani ya treni ya Enoden, dirishani.

Your Name ina upande wa pili, ule wa mlimani, na kijana wako bila shaka ameandika Hida-Furukawa katika mkoa wa Gifu. Stesheni yake ni ileile ya kwenye filamu, hata pembe ya kuitazama treni kutoka kwenye daraja la juu. Mji una mifereji yenye samaki wakubwa wa rangi wanaohamishwa mwishoni mwa Novemba kabla ya baridi kali, na maktaba ya mji ndiyo iliyomo kwenye filamu. Mkitaka kupiga picha ndani ulizeni mezani kwanza. Lakini ni mbali: Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, hadi Nagoya, kisha treni ya milimani kwa zaidi ya saa mbili. Na Itomori, ziwa la kwenye filamu, halipo kabisa. Linalolikaribia kwa sura ni ziwa Suwa, Nagano, likitazamwa kutoka bustani ya Tateishi juu ya kilima. Kama Your Name ndiyo filamu ya maisha yake, badilisheni mpango mwende huko siku mbili. Kama sivyo, hizo siku mbili nazitaka kwa ajili ya magharibi ya nchi.

Kule ndiko ningewapeleka kwa siku nne za mwisho, na nitakupa sababu.

Mwaka 2016, mwaka uleule wa Your Name, ilitoka In This Corner of the World ya Sunao Katabuchi. Haikuwa na fedha kubwa. Mwaka 2015 watu wa kawaida zaidi ya elfu tatu walichanga ili ianze kutengenezwa. Inamsimulia Suzu, msichana mchoraji wa Hiroshima anayeolewa Kure, mji wa bandari ya kijeshi uliojenga manowari ya Yamato. Katabuchi alifuatilia hali ya hewa ya siku moja moja, akauliza wazee waliokuwa wakiishi mitaani humo duka lipi lilikuwa wapi na nani alisimama mlangoni, ndipo akachora. Mwanzoni mwa filamu Suzu, bado mtoto, anakuja mjini kupeleka mwani wa kula, na anaegemea ukuta wa duka la kimono la Taishoya kuuweka sawa mzigo mgongoni. Mtaa ule, Nakajima, ulikuwa na maduka, sinema, vinyozi. Leo ni bustani ya amani ya Hiroshima. Watu hutembea kwenye nyasi wakidhani siku zote palikuwa bustani.

Taishoya bado ipo. Ilijengwa kwa zege mwaka 1929, na bomu la tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, lililipuka juu angani, na mahali palipokuwa chini yake moja kwa moja ni mita 170 hivi kutoka hapo. Kuta zikabaki. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa ameshuka chini ya ghorofa kuchukua nyaraka alinusurika. Sasa ni jumba la mapumziko na maelezo kwa wageni, mlango uko wazi, na chumba cha chini kinaweza kutembelewa. Wageni wengi huingia kununua maji na kutoka. Ninyi ingieni mkijua. Tazameni filamu kabla ya kusafiri, simameni nje ya ukuta ule alipoegemea mtoto, halafu mgeuke mtazame pande zote mahali palipokuwa na mtaa. Sijui eneo jingine lolote Japani ambako mchoro umefanya kazi kubwa kiasi hicho: hapa filamu haikunakili kilichopo, ilirudisha kilichoondolewa, nyumba kwa nyumba. Kijana wa miaka 15 anaweza kulibeba hilo, ila mpe nafasi ya kunyamaza, na jumba kuu la kumbukumbu la bomu mliache hadi kesho yake.

Kure ni chini ya saa moja kwa treni kutoka Hiroshima. Pandeni vilima vyake bila haraka. Utaona bandari chini, meli za kijivu, na njia nyembamba kati ya nyumba, kama anavyoziona Suzu akifua nguo. Maghala matatu ya familia moja ya zamani, yenye mapaa yaliyopangana, yamo kwenye filamu na bado yamesimama kando ya barabara.

Siku iliyobaki ya upande huu ni ya Tomonoura, na hapa wewe mwenyewe, mtu wa Mombasa, utajisikia nyumbani kuliko mwanao. Shukeni stesheni ya Fukuyama, mpande basi nusu saa. Mwaka 2005 Miyazaki alikuja kukaa katika mji huu mdogo, kwenye nyumba iliyo juu ya bahari, na baadaye ikatoka Ponyo, mwaka 2008. Filamu haitaji jina la mji, wala hutapata nyumba ya Sosuke, mvulana wa filamu hiyo, kwani ni Miyazaki. Lakini bahari inayopanda hadi mlangoni, nyumba juu ya mwamba, wazee kibarazani, vyote utavitambua. Tomonoura iko katikati ya bahari ya ndani, pale mikondo ya maji inapokutana, na kwa karne nyingi mashua zilitia nanga hapo kungoja maji yageuke, kama majahazi yetu yalivyokaa Lamu na Mombasa yakingoja pepo zibadilike. Mji wa namna hiyo hujenga maghala, nyumba za wageni na subira. Gati lake la ngazi za mawe na mnara wa taa wa mawe wa mwaka 1859 vingali pale.

Na nusura vipotee. Serikali ya mkoa ilikuwa na mpango wa kufukia sehemu ya bandari na kupitisha daraja la magari mbele yake. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 mahakama ya Hiroshima ikaamua kwamba mandhari ile inastahili kulindwa. Mwaka 2012 mkoa ukauacha mpango wa daraja. Sisi tulio na miji ya mawe tunajua ugomvi wa namna hiyo unavyokwenda kwa kawaida, kwa hiyo nendeni mkaone mahali ambapo wazee wa mtaa walishinda. Laleni hapo usiku mmoja kama bei inaruhusu. Mabasi ya watalii huondoka jioni, na bandari inabaki kwa wavuvi na paka.

Fedha sasa. Msinunue pasi ya siku saba ya JR, mtandao mkuu wa reli wa Japani. Oktoba 2023 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa mpango huu hamtarudisha thamani yake. Nunueni tiketi ya ndege ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka. Mashirika yanayopitia Ghuba hutua miji yote miwili, na mara nyingi bei haitofautiani sana. Hapo mtakata Shinkansen kwa upande mmoja tu: Tokyo hadi Fukuyama, Fukuyama hadi Hiroshima, kisha Hiroshima hadi Osaka. Jumla haifikii bei ya pasi. Ndani ya Tokyo tumieni kadi ya kugonga kama Suica, treni na mabasi karibu yote huikubali.

Chakula hakitawashinda. Mbali na duka la msikitini, Shin-Okubo, kituo kimoja kutoka Shinjuku, kina uchochoro mzima wa maduka ya halali yanayoendeshwa na watu wa Bangladesh, Pakistan na Nepal, na viungo vyote unavyovijua. Hiroshima na Tomonoura tegemeeni samaki na wali. Jihadharini na supu za tambi, nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mikate ya dukani, ambayo huenda imetiwa mafuta yake. Wekeni kwenye simu sentensi ya Kijapani inayosema hamli nguruwe wala kunywa pombe. Wahudumu huichukulia kwa uzito.

Msipige picha za watoto wa shule, hata sare zao zikifanana na za filamu. Msiingie viwanja vya shule. Madirisha ya nyumba za watu yaacheni nje ya fremu. Kwenye treni simu iwe kimya na mazungumzo ya chini.

Mkenya anahitaji viza, na ubalozi wa Japani Nairobi hutaka ratiba ya siku kwa siku pamoja na mahali pa kulala. Mpe mwanao kazi ya kuiandika: Tokyo siku sita, kisha Fukuyama, Hiroshima na Kure, kisha Osaka. Na kama mnataka jumba la makumbusho la Ghibli lililoko Mitaka, tiketi haziuzwi mlangoni. Za Novemba hufunguliwa tarehe 10 Oktoba saa nne asubuhi ya Japani, yaani saa kumi alfajiri ya Mombasa, na za Jumamosi na Jumapili huisha upesi. Chagueni siku ya katikati ya wiki, mkeshe pamoja mbele ya kompyuta.